Yakobo Hataki Karanga

Vijana wa idara ya afya wameniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi, kwa kuwa sasa nimeshakabidhi ofisi, pikipiki na zile buti za mpira ambazo hakuna aliyezigombania. Vyeo na mishahara siandiki. Wenye habari hizo wapo na hawachoki kusimulia. Nataka kuandika juu ya jiko moja la shule kule Ganako, kikombe kimoja cha bati, na mume na mke waliotaka sheria. Ila lazima nianzie nyuma, maana bila yale ya Endulen haya ya Ganako hayaeleweki.

Kwanza jina. Watu wa Karatu waliniita Bwana Afya tangu nilipofika mpaka nilipostaafu, pamoja na sketi zangu na vilemba vyangu. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Mzee mmoja muuza ngozi akanijibu, "Sawa mama, lakini kazi ni ya bwana afya," nikaacha. Mimi ni Mpare, na kwetu tunajua kubishana, lakini kuna ubishi ambao hata ukishinda hauna kitu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, miaka ya tisini ikianza. Nilishushwa na lori la unga asubuhi yenye ukungu mzito, nikabaki nimesimama na sanduku langu bila kuona hospitali wala nyumba. Nilisikia kengele tu. Kisha ng'ombe wakaanza kutokea kwenye ule weupe, mmoja mmoja, bila mchungaji, wakanipita kama sipo. Nyuma yao wakaja watoto wa Kimaasai, kimya, wakasimama mbele yangu wakainamisha vichwa. Ndiyo salamu yao kwa mkubwa, wanataka awaguse utosini. Mimi sikujua. Nikawakagua chawa, mmoja baada ya mwingine, na habari hiyo ilifika kila boma kabla sijafungua sanduku.

Aliyenipokea ni Mzee Mshana, afisa afya mkongwe, Mpare mwenzangu, ambaye alikuwa amebakiza kidogo astaafu na hakuwa na haraka ya jambo lolote. Vifaa vyake vilikuwa tochi, fimbo ndefu ya kupimia mashimo ya vyoo, na chupa ya dawa ya maji aliyoibeba mfukoni kama watu wengine wanavyobeba ugoro. Alinifundisha kuingia jikoni kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa mbele hufagiliwa wageni. Alinifundisha kutanguliza pua kabla ya macho. Na alinifundisha neno ambalo nimelirudia kwa kila kijana niliyepewa kumwelekeza: "Ukiingia jikoni usiulize nani anapika. Kila mtu atakuonyesha mpishi, na mpishi atajisifu. Uliza nani anaosha."

Huko Endulen ndiko nilikoona aleji kwa mara ya kwanza, au mzio kama mnavyosema ninyi mliosoma juzi. Mwanafunzi mmoja wa bweni, aliyetoka moja kwa moja kwenye boma, alipewa dagaa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kabla hajamaliza sahani, midomo ilivimba, macho yakafunga, ngozi ikafura kama imemwagiwa maji ya moto. Alipokuwa anavuta pumzi ilisikika sauti nyembamba, kama mtu anapiga mluzi ndani ya chupa. Wenzake hawakupiga kelele. Walisogea nyuma wote kwa pamoja wakamwacha katikati. Hospitali haikuwa mbali, akachomwa sindano, akarudi kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Mganga wa hospitali alitueleza kwamba mwili wa mtoto yule umemchukulia dagaa kuwa adui, na unapopigana naye unamwumiza mwenye mwili. Wazee wa boma walisema sisi hatuli samaki, samaki anajua, amemkataa mtoto. Nikaanza kuwapa somo. Mzee Mshana akanivuta kando.

"Binti, wewe umesema nini?"

"Kwamba asile dagaa tena."

"Na wao wamesema nini?"

"Kwamba asile dagaa tena."

"Basi. Mtu mliyefika naye mahali pamoja usimwulize alipitia njia gani."

Nilikasirika. Nilikuwa na cheti bado kinanukia wino, na nilitaka watu wafike kwa njia yangu.

Wilaya ya Karatu ilipokatwa kutoka Mbulu, nilihamishiwa huko. Nikapewa pikipiki na kata kadhaa, mojawapo Ganako. Ni nchi nzuri ya udongo mwekundu, mahindi, mbaazi na kahawa, inayopanda mpaka ukutani mwa msitu wa Ngorongoro. Msitu ule hauko mbali kama watalii wanavyodhani. Unashuka. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hutoka humo ukaingia mashambani, na mara nyingine tembo hutoka nao, na mkulima akiamka anakuta shamba limekanyagwa na hakuna aliyesikia kitu.

Shule ninayoisema ilikuwa juu kabisa, karibu na msitu, na jina lake naliacha. Jiko lake lilijengwa na wazazi kwa matofali ya kuchoma, mahali ambapo zamani walikaa manamba wa shamba la kahawa la mzungu. Humo ndani, ukutani, palikuwa na safu za misumari, na kila mtoto alitundika kikombe chake. Uji ulikuwa wa mahindi, na baadaye ukaja mradi mmoja wa lishe ukaleta unga uliochanganywa na karanga. Kwa haki, watoto walinawiri. Nilipima unene wa mikono yao mwenyewe.

Kulikuwa na mvulana wa darasa la tatu aliyeitwa Yakobo. Uji wa karanga ulipoanza alisema unamwasha koo. Alisema kwa mpishi, akasema nyumbani. Mama yake akamwambia asinywe, naye akawa hanywi. Lakini shule ilikuwa na utaratibu kwamba uji haumwagwi, na siku moja mwalimu wa zamu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwona na kikombe kimejaa, akadhani ni maringo. Akamsimamia mpaka akamaliza. Yakobo alitundika kikombe chake, akatoka, akakaa chini ya ukuta wa jiko. Walipombeba kwenda zahanati, njiani, ile sauti ya mluzi ilikuwa imeshanyamaza.

Mimi niliitwa baadaye, kuchukua sampuli ya unga. Unga ulikuwa safi. Nikaandika hivyo, na nikaandika pia yale ya Endulen, kwamba ninaamini mtoto ameuawa na mzio wa karanga. Karatasi ilikwenda zake juu. Kule kijijini walishaamua mambo yao. Watoto walisema jiko linachagua. Wakubwa hawakusema hivyo, ila nao walianza kupita mbali na ukuta ule.

Kikombe cha Yakobo kilibaki kwenye msumari wa mwisho, karibu na dirisha la moshi. Kilikuwa cha bluu, kimebanduka mdomoni. Mwalimu Mkuu, Bwana Shirima, Mchaga wa Rombo aliyependa kila kitu kiwe kwenye mstari, alimpelekea mama habari aje akichukue. Mama akajibu, "Nitakichukua siku mtakapokuwa na sheria. Mpaka hapo acheni kiwatazame."

Ndivyo nilivyomfahamu Mama Yakobo. Alikuwa Mwiraqw mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyeweza kukaa bila kushika kazi mkononi. Alikuwa na mtoto mwingine mdogo, Martina, na majirani walijaribu kumwita Mama Martina ili kumpunguzia uchungu. Hakuitika hata mara moja. Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Martina naye alikuwa ameonja karanga moja kwenye sherehe ya kipaimara ya jirani, midomo ikavimba. Mwakani alikuwa anaanza darasa la kwanza, shule ileile, jiko lilelile.

Kwa hiyo wale wazazi wawili wakaanza kutembea. Walianza na kamati ya shule, wakaja kwangu, wakaenda kwa mtendaji wa kata, wakarudi kwangu. Walichotaka kilikuwa chepesi kukisema: sheria ndogo kwamba karanga zisiingie kwenye sufuria la shule, na mtoto anayesema chakula kinamdhuru asilazimishwe. Mimi niliwasaidia kuiweka kwa lugha ya serikali, ambayo kazi yake ni kufanya jambo la mstari mmoja lijaze ukurasa.

Mkutano wa kijiji ulifanyika uwanjani pa shule. Mwalimu Shirima alisema kweli, kwamba karanga ndizo zilizowatoa watoto kwenye utapiamlo. Diwani akauliza kama ni haki mtoto mmoja azuie chakula cha shule nzima.

"Alikuwa mmoja nilipomzika pia," akasema Mama Yakobo.

Ndipo Baba Yakobo akasimama. Huyu bwana nilikuwa simjui sauti. Safari zote ofisini kwangu alikuwa akikaa mlangoni na kofia magotini. Akasema, "Tembo wa msituni ana sheria yake. Akishuka akala mahindi yangu, nikimgusa nafungwa. Sikatai. Mimi nauliza, mtoto akiwa shuleni ana sheria gani?" Akakaa.

Lakini mikutano haimalizwi na swali, inamalizwa na suluhu. Ikaamuliwa kwamba karanga zibaki, mtoto mwenye mzio asilazimishwe, apikiwe uji wake kando, na awe na chombo chake kinachokaa peke yake, kisichoguswa na wengine. Mzee mmoja Mwiraqw akatikisa kichwa akasema hiyo ni metimani. Kwa wasiojua: zamani zao nyumba iliyopatwa na mkosi, kama kifo cha mtoto mdogo, ilitengwa. Watu wake hawakula na wengine, hawakuchota maji mahali pamoja, mpaka muda upite na watakaswe. Wengi wameacha tangu makanisa yaje, lakini neno lenyewe bado linawapa watu baridi.

"Mnamtenga mwanangu," Mama Yakobo aliniambia baada ya mkutano. "Anaanza shule akiwa na sufuria lake pembeni kama ametoka nyumba chafu."

"Kidogo si haba, mama. Tushike hiki, kile kingine tutakifuata."

Aliendelea kusuka mkono wa kikapu chake. Kisha akasema atakubali, ila kikombe cha Martina atakichagua yeye. Mwaka wa shule ulipofunguliwa alikwenda jikoni, akakishusha kile cha bluu kwenye msumari wa mwisho, akakiosha, akamwonyesha Martina. Kilikuwa tayari kiko peke yake, alisema, kila mtu anakijua, hakuna atakayekigusa. Na tena ni cha kaka yake. "Ili asile peke yake."

Nilikuwepo, na niseme nilivyohisi: nilitaka kulia, nikajifanya naangalia bomba. Kisha akakirudisha palepale kwenye msumari wake.

Miezi ile nilikagua lile jiko mara nyingi kuliko ratiba ilivyotaka. Uji wa Martina ulipikwa kwenye kisufuria chake, mwiko wake, unga wake kwenye kopo lenye kifuniko. Mpishi, Mama Safari, alikuwa mtu safi. Jambo moja lilinisumbua. Vikombe vingine vyote vilikuwa na masizi ya moshi kwa nje, na kile cha bluu, kilichokuwa karibu na moshi kuliko vyote, kiling'aa. Nikakumbuka kwamba hata kabla Martina hajaanza shule, wakati hakina mwenyewe, kilikuwa kinang'aa vilevile.

"Nani anaosha hiki?" nikauliza.

"Mimi."

"Kila siku? Hata zamani kabla hakijapata mtu?"

"Kinachafuka, Bwana Afya."

Alisema hivyo akitazama moto. Jikoni kuna moshi, nikaona ni jibu la kutosha. Mzee Mshana alinifundisha kuuliza nani anaosha. Hakunifundisha kuuliza anaosha nini.

Halafu likaja lile juma la ukungu wa Julai. Nilipanda Ganako kukagua vyoo, nikiendesha kwa kusikia zaidi kuliko kuona. Nilipofika shuleni ilikuwa saa ya uji, na nilishangaa kwamba hapakuwa na kelele. Watoto mia kadhaa na uwanja umenyamaza. Walikuwa wamesimama wote, vikombe mkononi, wamesogea nyuma, wameacha nafasi katikati, na kwenye nafasi ile alikuwa amekaa mtoto mdogo chini ya ukuta wa jiko. Kabla sijamwona uso nikasikia ule mluzi.

Sikuzima hata pikipiki. Mwalimu Shirima alimpakata nyuma yangu, yeye na suti yake, tukateremka Karatu kwenye matope. Sioni njia, nawasha taa, taa inarudi usoni kwangu. Nyuma yangu nasikia kila pumzi ya Martina, na kila moja nasubiri kama itafuatwa na nyingine. Mwalimu alikuwa akisali kwa Kichaga. Karibu na barabara kubwa yule mtoto alisema neno, wazi kabisa, katikati ya mluzi: "Yakobo."

"Amesema nini?" nikapiga kelele.

"Endesha tu," akasema Mwalimu.

Alichomwa sindano. Alirudi. Wazazi walipofika alikuwa ameketi kitandani, macho bado yamevimba, anadai maji. Mama yake alimshika mikono akamwuliza polepole, bila ukali, nani amempa karanga.

"Hakuna, mama."

"Umekunywa nini?"

"Uji wangu. Wa Yakobo ulikuwa chini, nikaunywa pamoja na wangu."

Baba alivua kofia. Mimi ni mtu wa vyoo na visima, siamini mambo hayo, lakini niligeuka kutazama nyuma yangu.

Kesho yake nilirudi shuleni. Nilianza na Mama Safari, ambaye siku ile ya tukio alikuwa kwao anaumwa homa na mzazi mwingine alishika zamu. Nilimkuta kitandani. Hakunificha. "Nilikuwa naosha, Bwana Afya. Kila asubuhi kabla ya kumpimia Martina, nilikuwa naosha. Najua wanampa. Ningewakatazaje wasimpe?"

Wanampa nani? Nilirudi kwa watoto. Hakuna aliyetaka kusema, mpaka msichana mmoja wa darasa la sita, aliyekuwa kiongozi wa zamu ya maji, akaona nimechoka akanihurumia. Tangu Yakobo afariki, alisema, wa kwanza kupimiwa uji huchovya kidole akadondosha kidogo kwenye kikombe kile. Hakuna aliyewafundisha. Ilianza tu.

"Kwa nini?"

"Ukimpa kidogo haangalii cha kwako."

"Lakini kikombe sasa ni cha Martina. Mnamwona anakinywea kila siku."

Akanitazama kama mtu anayemwonea haya mkubwa asiyeelewa. "Martina anakiazima tu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wakubwa tuliweka sheria kwamba kikombe kile kisiguswe na mtu, na kikawa ndicho kikombe pekee katika jiko zima kilichotiwa karanga kila siku, kwa mkono wa hofu, kabla mwenyewe hajapimiwa. Yule mzazi wa zamu hakujua. Alikishusha, akamiminia uji safi juu ya ule wa marehemu. Nimeona visima vya kila namna, lakini sijaona maji yaliyopata njia ya kupenya namna hiyo.

Nikataka kuwapa watoto somo. Niliandaa hata mchoro wa koo. Nilipopeleka habari kwa wazazi, Mama Yakobo alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba jambo moja: niwaite watoto, na mchoro niuache ofisini.

Walipangwa uwanjani saa ya uji. Ukungu ulikuwa bado. Alikuja na Martina, akaingia jikoni peke yake, akatoka na kile kikombe cha bluu mkononi. Watoto wa mbele walirudi nyuma hatua. Akamwambia Mama Safari ampimie uji mweupe usio na kitu, akasimama mbele yao, akaunywa wote, taratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake. Alipomaliza alikigeuza kikombe chini ili waone.

"Amekula," akasema. "Mimi ndiye mama yake, nimekula kwa niaba yake, ameshiba. Sasa nisikilizeni wanangu. Yakobo hajaomba karanga. Karanga ndizo zilizomziba koo. Aliwaambia hazitaki, akiwa hai, hakusikilizwa. Na ninyi kila siku mnamlisha kilichomwua. Mkiogopa atakuja, basi mjue atakuja kwa ajili hiyo. Yakobo hataki karanga."

Hakupandisha sauti. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alianza kulia, na kilio kile hakikufuatwa na mwingine. Mwalimu Shirima, mtu wa mstari, alitoka kwenye mstari akasimama upande wake. Mama Yakobo akakifunga kikombe kwenye kanga yake, akamshika Martina mkono, wakaondoka. Niliwaona wakiingia kwenye ukungu, na nakiri nilihesabu watu, nikahesabu tena.

Siku iliyofuata sufuria kubwa la uji wa karanga lilirudi limejaa. Hakuna mtoto aliyesogeza kikombe. Walimu walisema watakuwa na njaa, watakunywa. Hawakunywa. Mwalimu mmoja alichukua fimbo, akaiangalia, akakumbuka ilivyokuwa mara ya kwanza, akairudisha ofisini. Uji ulimwagwa, nguruwe wa jirani wakafaidi. Baada ya juma shule ikapika uji wa mahindi na maziwa, watoto wakanywa wote. Kamati ikakutana haraka, kijiji kikapitisha, halmashauri ikagonga muhuri: karanga zisiingie shuleni, asiyeweza chakula asilazimishwe. Sheria ilikuja ikikimbia nyuma ya watoto, inahema. Nilisimama kuisoma mbele ya mkutano, na Baba Yakobo akaniomba niirudie, si kwa sababu hakusikia.

Martina alimaliza darasa la saba pale akinywea kikombe chochote. Sasa yuko chuo cha ualimu. Alipita kuniaga kabla hajaondoka, mrefu, mcheshi, ananukia mafuta ya nazi, nami nilimvuta kifuani kwangu kama mshamba nikasikiliza pumzi yake.

Mwaka huu wa mwisho nilipanda Ganako kuaga. Njiani nilisimama stendi ya Karatu, nikanunua karanga za kukaanga kwenye kikaratasi, nikazitia kwenye mkoba nikazisahau. Getini kulikuwa na mtoto wa kike wa darasa la kwanza au la pili, anafagia. Akaniamkia shikamoo, nikaitika. Hakunipisha.

"Bwana Afya, una karanga?"

Nikacheka. "Pua yako nzuri, utarithi kazi yangu. Ndiyo, ninazo. Unataka?"

Akarudi nyuma. "Yakobo hataki."

"Wewe unamjua Yakobo?"

"Ni wa hapa."

"Yuko darasa la ngapi?"

"Hasomi," akasema, akishangaa swali. "Yuko tu."

Mtoto huyo hakuwa amezaliwa Yakobo alipokufa. Niliingia nikakagua. Lile jiko la zamani lilishabomolewa; jipya lina sakafu ya saruji, dirisha lenye wavu, na kabati la vyombo, kwa hiyo misumari hakuna tena. Isipokuwa mmoja. Umepigwa peke yake mwisho wa ukuta, karibu na bomba la moshi, hauna kitu, na plasta imeuzunguka vizuri kana kwamba fundi aliukuta. Nikamwuliza mpishi, kijana mgeni wa Mbulu, nani ameupiga. Akasema yeye ameukuta. Nikamwuliza nani anaufuta, maana ulikuwa unang'aa. Akatazama moto.

Vijana wangu, nakala ya sheria ndogo mtaikuta ofisini, ina muhuri na saini, na mna haki ya kumfikisha mtu mahakamani kwa sheria hiyo. Itumieni. Mimi siamini habari za misumari, na katika ripoti yangu ya mwisho niliandika kwamba jiko ni safi. Lakini kabla sijaandika nilitoka getini, nikavuka barabara, nikazimwaga zile karanga zote, nikarudi nikanawa mikono, na yule mtoto akanipisha.